Mwalimu Aliyekosa Maendeleo

Miaka ile ya abakosti, lile koti la kizalendo lisilo na tai, wakati kuvaa tai kulikuwa kosa na kila mtu alikuwa citoyen, yaani mwananchi, mimi nilipewa kazi ya kupima kama wafungwa wa Lubumbashi wameanza kufikiri. Usicheke. Nilikuwa msaidizi wa profesa katika chuo kikuu, kijana mwembamba mwenye suruali pana miguuni, na yote niliyoyajua kuhusu uhalifu ni kwamba niliwahi kuibiwa baiskeli.

Chuo na gereza vilikuwa kando ya barabara moja, nje kidogo ya mji. Watu walitutania kwamba dereva akikuuliza unashuka wapi, ujibu vizuri, maana ukikosea lango unaweza kukaa ndani miaka na kutoka bila diploma. Nawajua walioingia lango letu sisi na yakawakuta hayo hayo.

Profesa wangu alikuwa amerudi kutoka Ulaya na sanduku lililojaa vipande vya mbao vya rangi, na ndani ya kichwa chake wazo moja. Wazo lenyewe lilikuwa hili: mtu haibi kwa ubaya wala kwa njaa, anaiba kwa sababu hajafundishwa kufikiri. Mfundishe kufikiri, ataacha. Neno njaa halikuwamo katika kitabu chake, na nadhani ndiyo maana wakubwa walikipenda kitabu hicho. Kama magereza yamejaa kwa sababu ya upungufu wa akili za wafungwa, basi hakuna mkubwa yeyote wa kuulizwa kitu.

Hivyo ikazaliwa Programu ya Kufikiri Kabla ya Kutenda. Ilikuwa na hatua nne: simama, tazama, pima, chagua. Mfungwa angefundishwa hatua hizo kwa miezi kadhaa. Kabla ya masomo angepewa jaribio, baada ya masomo jaribio lile lile, na sisi tungelinganisha. Mkuu wa gereza, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliwakusanya uani akawatangazia habari hiyo kwa maneno ambayo yalieleweka kuliko ya profesa.

"Citoyens bafungwa! Chama inabaletea akili. Mwenye ataendelea mbele, siku ya fête ya Chama atatoka. Mwenye hataendelea mbele, atabakia. Munasikia?"

"Tunasikia!" wakajibu, na nikaona macho mengi sana yakianza kupiga hesabu.

Lazima nieleze kidogo juu ya mji wetu ili ueleweke ujinga uliofuata. Lubumbashi ilikuwa mji wa shaba, na kampuni ya serikali iliyochimba shaba hiyo ilitufundisha sote jambo moja tu: kila kitu hupimwa kwa kuongezeka. Mwaka huu tani nyingi kuliko mwaka jana, basi mkurugenzi anapongezwa redioni. Tani zile zile, basi mkurugenzi anaitwa Kinshasa, na huko haendi kunywa chai. Hata mapadri walianza kulinganisha wabatizwa wa mwaka huu na wa mwaka uliopita. Profesa wangu alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa kampuni, akanyonya hesabu hiyo pamoja na maziwa. Kwa hiyo alipokaa kuamua kipimo cha programu yake, hakuuliza mfungwa anajua nini. Aliuliza ameongeza nini.

Ndani ya gereza serikali ya kweli haikuwa ya mkuu mwenye sauti ya ng'ombe. Ilikuwa ya kapita, mfungwa anayewatawala wafungwa wenzake. Kapita ndiye aliyeamua nani alale karibu na mlango na nani alale karibu na ndoo. Wa wakati huo alikuwa baba mnene, mpole, mcheshi, aliyefungwa kwa kuuza kiwanja kimoja cha Kipushi kwa wafanyabiashara wengi, mmoja wao akiwa shemeji wa hakimu. Alisema wale wengine wote angewamudu, ni shemeji huyo tu aliyemwangusha.

Jaribio la kwanza tulilifanyia katika stoo ya majembe. Mimi mezani, mfungwa mbele yangu, vipande vya rangi katikati. Nilikuwa na maswali ambayo profesa aliyatafsiri mwenyewe kwa kujivunia. Umetumwa kununua chumvi, unafika dukani, chumvi hakuna: utafanya nini? Mtu amekutukana sokoni mbele ya watu: utafanya nini? Nyumba ya jirani yako inawaka moto: utafanya nini?

Kwa chumvi, wa kwanza alinijibu kwamba atanunua sukari, maana nayo ni nyeupe. Wa pili atabomoa duka. Wa tatu alilia. Kwa nyumba ya jirani, mzee mmoja mwenye ndevu za heshima alifikiri sana, kisha akasema atakwenda kuota, kwani Juni kuna baridi. Vipande vya mbao vilikuwa balaa zaidi. Mmoja aliuliza kama vinapikwa kwa mafuta au kwa maji. Mwingine, ambaye nilijua alikuwa fundi seremala na alitengeneza viti vya ofisi ya mkuu, alivishika kama mtu asiyewahi kuona mti.

Siku zilipita hivyo, mbumbumbu baada ya mbumbumbu. Nilianza kuwa na huruma kwa taifa langu.

Ndipo akaingia mwalimu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka mtaa wa Makomeno, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, shati lake la gereza limefungwa vifungo mpaka shingoni. Familia yake ilitoka kaskazini mwa Katanga. Baba yake alikuja kufanya kazi ya reli, na wote walikuwa Wakatoliki wa kupiga magoti kwelikweli. Kosa lake lilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Mtaa wao ulipelekwa kulima shamba moja kando ya barabara ya Kipushi, na katikati ya kulima mwalimu akainua mgongo akauliza kwa sauti, "Hii shamba iko ya Chama ao iko ya muntu?" Hilo tu. Hakuna aliyemjibu, ila Jumatatu walikuja kumchukua darasani, chaki mkononi. Hakufikishwa mahakamani. Hakuwa na siku ya kutoka.

"Umetumwa kununua chumvi," nikaanza, nimechoka.

"Nitaenda ku duka ingine," akasema. "Kama kule pia haina, nitaomba kwa jirani. Mudogo wangu, hii maulizo iko ya batoto."

Aliniita mdogo wake tangu siku hiyo ya kwanza, na mimi, citoyen msaidizi wa profesa, nilipenda. Alijibu yote. Mtu akimtukana sokoni, ataondoka, na kesho atamwuliza ana shida gani. Nyumba ya jirani ikiwaka, atapiga kelele, atatoa watoto kwanza, vitu baadaye. Vipande vya mbao alivipanga huku akinitazama mimi. Hakukosa hata kimoja, nami nikamwandikia alama zote.

Nilipotoka stoo na kufika uani, kapita alikuwa amemshika mwalimu mkono karibu na bomba la maji.

"Mwalimu, juu ya nini unajiharibia? Benzako bote balianguka muzuri. Weye peke unasimama pale juu sawa bendera!"

"Siwezi kusema uwongo, kapita. Uwongo iko zambi."

"Hapa ndani zambi iko kulala karibu na ndoo," kapita akasema, akamwacha, akanisindikiza mimi mpaka langoni kwa adabu zote. Na kwa vile alikuwa mtu mwema kwa njia yake, akanifundisha kazi yangu. "Citoyen, usisikie mubaya. Muntu anapandaka mulima kutokea chini. Kama uko tayari kule juu, utapanda wapi?"

Nilirudi ofisini mbio, nikamweleza profesa: wafungwa wamekula njama, wamejifanya wajinga wote kwa amri ya kapita ili baadaye waonekane wamepanda. Profesa alinisikiliza akifuta miwani.

"Haiwezekane," akasema. "Kwa kupanga vile, inaomba bafikiri mbele ya kutenda. Bachukue hatua zote ine. Na kama banajua tayari hatua zote ine, basi…"

Hapo alisimama. Akatazama. Nadhani pia alipima. Kisha akachagua kuvaa miwani yake na kuniuliza kama vipande vyote vya mbao vimerudi. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga, nami niliona profesa mzima akilifunika kwa mikono miwili.

Masomo yakaanza. Waliofundisha walikuwa askari wa gereza, kwa sababu ndio waliokuwapo. Profesa aliwapa semina fupi, wakala wali, wakapigwa picha. Askari mmoja alifundisha kupima kwa fimbo: mfungwa aliyechelewa kuchagua alichapwa ili achague haraka, na aliyechagua haraka alichapwa kwa kutopima. Siku moja, kwa udadisi, askari wenyewe waliomba nao wafanye jaribio la chumvi na moto. Nikawafanyia. Profesa aliyatazama majibu yao kwa muda, akayafungia katika droo, akasema askari hawamo katika programu.

Halafu ikaja habari kwamba mkubwa kutoka Kinshasa atapita kutazama. Basi somo likageuka kuwa animation, yaani ngoma ya kukisifu Chama, kama kila kitu kilivyogeuka wakati ule: harusi, mazishi, ufunguzi wa choo cha soko. Kapita aliwapanga kwa safu. "Simama!" akipaza yeye, na wote wakisimama kwa kukata kiuno. "Tazama!" na vichwa vikienda kushoto na kulia. "Pima!" na mikono ikipanda kama mizani, "Chagua!" na kila mmoja akielekeza kidole kwenye picha ya Mwanzilishi wa Chama ukutani. Mkubwa alifurahi, akapiga makofi kwa kufuata ngoma. Alisema hajawahi kuona watu wakifikiri kwa umoja namna hiyo.

Mwalimu alikuwa safu ya nyuma. Alicheza vibaya, anachelewa kila hatua, uso umefungwa kama mlango wa benki. Hakukataa. Alifanya alichoagizwa kufanya kwa mwili. Ni maneno yasiyo ya kweli tu ambayo hakutaka kuyatoa, na tofauti hiyo ilikuwa wazi kwake, ingawa kwetu sote ilikuwa ni ukaidi mtupu.

Jaribio la pili lilikuwa kama sikukuu. Seremala alijenga kwa vile vipande nyumba yenye ghorofa. Mzee wa ndevu aliyetaka kuota moto alinieleza jinsi ya kupanga watu kwa mstari na ndoo za maji mpaka nikahisi nimwite zimamoto. Chumvi sasa ilinunuliwa kila mahali, kwa subira na tabasamu. Profesa alichora mistari kwenye karatasi kubwa, na kila mstari ulipanda kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya juu, mzuri kama miinuko ya milima ya Kundelungu.

Mstari mmoja tu ulilala. Wa mwalimu. Ulianzia juu ukaishia juu, bapa kama meza.

"Huyu hapana," akasema profesa. "Hakuendelea."

"Profesa, angeendelea kwenda wapi? Alipata alama zote tangu mwanzo."

"Njo vile nasema. Hakuna progrès."

"Lakini ndiye pekee aliyekuwa anafikiri toka awali!"

Profesa aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwa maana mtu mbaya ungemtukana ukalala usingizi. Akanieleza kwa upole, kama baba. "Tukimutosha huyu mu gereza, tutaambia Kinshasa nini? Kama iko bantu benye kujua kufikiri bila sisi? Sasa programu iko ya nini?"

Nilikasirika. Nilisema mambo mengi juu ya sayansi, na profesa aliniacha niseme, kisha akaniuliza kama nimemaliza ili tufunge ofisi.

Wakati huo nilipanga chumba Makomeno, na habari katika mtaa haihitaji miguu. Alasiri moja mke wa mwalimu akanijia. Alikuwa mama wa sokoni, muuza samaki wakavu wanaoletwa kwa malori kutoka Luapula kwa njia ya Kasomeno, na harufu ya samaki ilimtangulia mlangoni. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Papa, unielezee muzuri. Banasema bwana yangu hatatoka. Aliangusha mutihani?"

"Hapana, mama. Alishinda."

"Alishinda sana?"

"Kuliko wote."

"Na bale benye kuiba, benye kuuza viwanja ya bantu, balianguka?"

"Mwanzoni walianguka wote. Ndiyo maana wanatoka."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Nikamweleza tena polepole, mistari inayopanda na mstari unaolala, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upuuzi wake kinywani mwangu mwenyewe. Alipoelewa, alicheka. Kicheko kile sikukipenda.

"Balimufunga juu alifikiri. Sasa banamukatalia kutoka juu alikuwa anafikiri tangu mbele. Njo bantu bale bale?"

"Karibu ni wale wale, mama."

"Sasa kama anaanza upya? Aanguke kwanza, kisha apande?"

Wazo lilikuwa lake, na lilikuwa zuri kuliko mengi niliyosikia chuoni mwaka ule. Nikalipeleka kwa profesa nikiwa nimelivisha nguo za Kifaransa: kwamba jaribio la kwanza la mtu huyu lilikuwa na kasoro ya mazingira, kwamba sayansi inadai lirudiwe. Profesa alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mistari ya wezi alikuwa nayo tele. Ila mtu aliyekikosea Chama, na mstari wake ukapanda kutoka chini kabisa mpaka juu! Alikubali kabla sijamaliza, akaongeza kwamba mkuu wa gereza awepo kushuhudia.

Ikabaki kumshawishi mwenyewe. Siku ya kuleta chakula, maana gerezani ulikula ulicholetewa na jamaa, mke wake alifika na bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nami nilikuwa uani karibu, nikasikia. Hakumbembeleza. Alimfungulia sahani, akamwambia kama anayetoa bei ya samaki.

"Mutoto wa mwisho hakuite tena papa. Anakuita 'ule wa mu photo.' Kesho batakuuliza maulizo. Anguka."

"Mama, unajua siwezi…"

"Anguka! Mungu atafurahia. Miye siwezi tena kulea batoto na photo."

Mwalimu alikula bukari lake, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe.

Kesho yake tulikaa katika ofisi ya mkuu wa gereza, kwenye vile viti vya seremala. Mkuu alikuwa mezani na kikombe chake. Nikauliza la chumvi.

"Nitarudia ku nyumba," akasema mwalimu.

Nikangoja. Hilo bado lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na uso wangu ulimwambia hivyo. Alijaribu tena. "Nitarudia ku nyumba na… na nitakasirikia bibi." Alinitazama kama mtoto anayeuliza kama amepatia. Mtu huyu aliyekuwa na majibu ya kila kitu hakujua hata pa kuanzia kuwa mjinga. Wafungwa wenzake wote walikuwa na kipaji hicho, yeye ilimbidi ajifunze palepale mbele yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha kwa nyusi.

"Mtu amekutukana sokoni mbele ya watu."

"Nitamupiga."

"Na akianguka chini?"

"Nitamupiga tena." Hili alilitoa vizuri zaidi, na nadhani hakulitoa bure, kwa sababu hakumtazama mtu wa sokoni. Alimtazama mkuu wa gereza.

"Nyumba ya jirani yako inawaka moto."

Mkuu alikunywa chai yake, akaweka kikombe, akakinyanyua tena. Nilimwona mwalimu akisimama, akitazama, akipima, hatua zote za profesa moja baada ya nyingine, na ninaapa kwamba katika programu nzima ile ndiyo mara pekee nilipomwona mtu akizitumia kwa dhati.

"Nitafunga mulango yangu," akasema.

"Mubaya kabisa!" mkuu akashangilia. "Zero! Kweli huyu hakujua kufikiri!"

Mwalimu aliinuka. Mlangoni aliniuliza padri wa kuungamisha anakuja siku gani, nikamwambia sijui.

Majuma machache baadaye akajibu yote sawasawa, kama mwanzo, na mstari wake ukapanda wima kama bomba la moshi la kiwanda. Profesa aliuchora kwa wino mwekundu. Siku ya sikukuu ya Chama walisimamishwa uani wote waliopata maendeleo, wamenyolewa, wamepewa mashati, na kapita mbele yao akiwa ameshaahidiwa kazi: angebaki katika programu kama mwalimu wa hatua ya nne, kuchagua. Hakuna aliyestahili kuliko yeye.

Mkubwa aliyetoka Kinshasa akamwomba yule wa mstari mwekundu aseme neno. Mwalimu alisogea mbele. Mke wake alikuwa langoni na watoto, amevaa kitenge chenye sura ya Mwanzilishi, amekivaa sura ikiwa nyuma ili aikalie.

"Mbele nilikuwa mujinga," akasema mwalimu, bila kukwama. "Sasa nafikiri. Nashukuru Chama."

Makofi yalikuwa mengi. Mimi pia nilipiga, na nilipiga kwa furaha, kwa sababu lango lilikuwa wazi na mtu anatoka, na wakati ule nilidhani kutoka ndiyo habari yote. Mtoto wa mwisho alijificha nyuma ya kitenge cha mama yake, akitazama.

Ripoti yetu ilisifiwa. Profesa alipandishwa cheo akahamia Kinshasa pamoja na vipande vyake vya mbao, na nasikia programu ilipelekwa magereza mengine. Nami nilitunukiwa cheti ambacho panya wa Makomeno walikila, wakaonekana kukifurahia.

Mwalimu alirudishwa shuleni. Nilimwona mara kwa mara barabarani, ananisalimia kwa mkono, hasimami. Kipindi cha baridi kilipofika, mke wake alinikaribisha chakula Jumapili baada ya misa. Nyumba ilikuwa safi, watoto wamekaa kwenye mkeka, ndakala, wale dagaa wakavu, na bukari mezani. Nilikuja na kiu ya kumsikia akizungumza. Nilikuwa nimeyakumbuka kwa hamu maneno yake, ule wepesi wa kusema jambo lilivyo.

Mke wake akamwuliza kama sombe imekolea chumvi. Akaonja, akasema, "Weye unaonaka namna gani?" Binti yake mkubwa akaleta daftari kumwuliza kama hesabu yake ni sawa. Akaitazama hesabu, na mimi kutoka nilipokaa niliona kwamba ilikuwa imekosewa, saba mahali pa tisa. "Mwalimu yako alisema nini?" akamwuliza. Binti akasema mwalimu alisema ni sawa. "Basi iko sawa," akasema, akamrudishia.

Nilidhani amechoka. Nikasogeza kiti, nikamshika bega.

"Mwalimu, mkubwa wangu, wacha watu wa nje. Mimi ni mdogo wako. Niambie, uko namna gani kweli?"

Aliacha kutafuna. Akanitazama kwa makini sana, bila hasira, bila mzaha wowote, kama mtu anayetaka kunisaidia katika kazi yangu.

"Mudogo," akasema, "unataka jibu ya mutihani ya kwanza ao ya pili?"

Nikacheka peke yangu. Mke wake akainuka akaanza kukusanya sahani, ingawa tulikuwa hatujamaliza kula.